Motokaa ya Faida na Motokaa ya Furaha

Katika miaka ya 1960, Mwafrika wa Kenya aliyeweka akiba ya kununua motokaa hakukosa mabishano nyumbani. Bibi alitaka Peugeot 404: ina milango minne, nayo huchukua watoto, shangazi na gunia la viazi. Lakini macho ya Bwana yalikuwa kwa Volkswagen. Hiyo injini yake i nyuma, hupozwa kwa upepo, haiombi maji hata katika kupanda Mau. Tena ndiyo iliyoshinda mashindano ya kwanza ya Safari, mwaka 1953. Kwa bahati yake mbaya, mwaka 1963 ikashinda Peugeot 404. Basi Bibi akawa na hoja mbili, na Bwana akabaki kusifu mlio wa injini.