Mheshimiwa, kura yako iko wapi?

Kila mara mbunge wa taifa anaporudi kutoka Kinshasa, mji wa Bunia unajua hata mbele yeye hajatoka kwenye uwanja wa ndege. Wamotari wanapiga honi, redio za mji zinamtayarishia nafasi, na jioni watu wanakusanyika kusikia atasema nini juu ya état de siège, juu ya Katiba, juu ya askari wa Uganda, juu ya mazungumzo ya Doha. Kesho yake asubuhi, kwenye soko kuu, hotuba imekwisha kukatwa vipande na kila mtu amebeba kipande chake. Mmoja anasema: « Mheshimiwa alisema yote. » Mwingine anamjibu: « Anasemaka muzuri, lakini kura yake iko wapi? »

Swali hili la pili ndilo tunalotaka kulishika leo, siku chache mbele ya Bunge kufungua kikao cha Septemba.

Tuanze na jina ambalo hapa hata mtoto wa shule analifahamu. Gratien de Saint-Nicolas Iracan alichaguliwa Bunia katika uchaguzi wa Desemba 2018. Ni mtu wa Ensemble pour la République, chama cha Moïse Katumbi. Juu ya état de siège hajajificha: anadai iondolewe, na anadai hivyo tangu miaka. Unaweza kumpenda ao kumchukia, lakini huwezi kusema hujui anasimama wapi. Katika siasa yetu hilo si jambo dogo. Tuko na waheshimiwa wengine, wa pande zote, ambao ukisikia maneno yao ya Kinshasa, kisha usikie maneno yao ya Bunia, utafikiri ni watu wawili wanaochangia jina moja.

Lakini msimamo wa mbunge si sawa na msimamo wa mwandishi wa gazeti. Sisi tukisema, kazi yetu imekwisha. Yeye akisema, kazi yake ndiyo inaanza, juu tulimpa kitu ambacho sisi hatuna: kura, na haki ya kuandika sheria.

Tukumbushe mambo yalivyo. État de siège ilianza Ituri na Nord-Kivu tarehe 6 Mei 2021. Ilipaswa kuwa ya siku 30. Kifungu cha 144 cha Katiba kinasema kwamba, baada ya siku hizo 30, inaweza kuongezwa kwa vipindi vya siku 15, na kila mara Bunge la taifa na Seneti wanapaswa kutoa ruhusa. Siku 15, siku 15, siku 15. Msomaji achukue kalamu na kuhesabu tangu Juni 2021 mpaka leo: tumepita mara 100. Mara nyingi wachaguliwa wa taifa wameombwa ruhusa juu ya maisha yetu, na kila mara ruhusa imetoka. Wakati Bunge liko likizoni, sheria moja inaipa serikali ruhusa ya kuongeza yenyewe, na Rais anatia sahihi. Hata likizo basi haisimamishi saa.

Mwishoni mwa 2021, wabunge wa Ituri na Nord-Kivu walikasirika mpaka wakakataa kushiriki katika vikao vya kuongeza. Tuliwapigia makofi. Kisha? Kiti chenye hakina mtu hakihesabiwi kuwa « hapana ». Wenzao wa majimbo mengine, ambao hawajalala hata usiku mmoja Djugu wala Irumu, waliinua mikono, dakika chache, na karatasi ikapita. Kutoka nje ya chumba kunaonekana vizuri kwenye picha. Katika hesabu ya kura ni sifuri.

Na hapa ndipo tunataka Mheshimiwa atusikilize, yeye na wenzake. Kifungu kile kile cha 144 hakiishii kwenye kuongeza. Mwishoni kinasema kwamba Bunge na Seneti wanaweza, kwa sheria, kumaliza état de siège wakati wowote. Wakati wowote! Hawahitaji kungoja Rais aombe. Na kifungu cha 130 kinampa kila mbunge, hata mmoja peke yake, hata wa upinzani, haki ya kupeleka pendekezo la sheria. Pendekezo la mistari mitatu linatosha. Tunajua litaanguka: upande wa serikali, Union sacrée, una wabunge wengi mno kati ya 500. Lianguke basi, lakini lianguke kwa kura ya kuita majina, mmoja mmoja, ili Ituri ijue nani alisema ndiyo na nani alisema hapana. Siku ile msimamo utakuwa na tarehe na sahihi. Kama pendekezo hilo limekwisha kupelekwa, Mheshimiwa atupe tarehe na nakala, tutaichapisha kwenye ukurasa huu huu.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Juu tangu Mei 2021 kazi ya Assemblée provinciale ya Ituri imesimamishwa. Gavana, jenerali Johnny Luboya, aliwekwa na Rais, na hapa jimboni hakuna mchaguliwa anayeweza kumwita na kumuuliza. Bajeti ya jimbo haipiti mbele ya wachaguliwa wa jimbo. Kodi inalipwa, bariere zinasimama, mama wa Mudzipela anayeuza lenga-lenga anatoa pesa ya soko kila asubuhi, lakini mtu wa kuuliza pesa hiyo imeenda wapi hayuko. Amebaki mbunge wa taifa peke yake. Zamani alikuwa sauti moja kati ya nyingi. Leo ni yeye ao kimya. Ndiyo maana maneno yake yanabeba uzito ambao labda hata yeye mwenyewe hakuuomba.

Tunajua pia kwamba si kila msomaji wetu anataka état de siège iondoke. Kuna wafanya biashara wa barabara ya Mahagi wanaotuambia: « Njia ilifunguka kidogo wakati wa wanajeshi, musiturudishe nyuma. » Tunawaheshimu, juu ni wao wanaopita pale na magari yao, si sisi. Lakini tutazame na ile nyingine. Februari 2022, mwaka wa kwanza wa utawala wa kijeshi haujaisha, wakimbizi wa Plaine Savo walichinjwa usiku ndani ya kambi yao, karibu watu 60. Juni 2023, makundi ya silaha yalitia sahihi mapatano kule Aru. Siku chache tu nyuma yake, kambi ya Lala ikashambuliwa, watu zaidi ya 40 wakafa, karibu nusu yao watoto. Na mwaka wa 2025, Djaiba mwezi wa pili, Komanda mwezi wa saba, watu wakiwa wanasali. Kama état de siège ilikuja kulinda raia, hesabu hii inapaswa kusomwa ndani ya Bunge kila siku 15, mbele ya mikono kuinuliwa.

Baada ya Komanda, waheshimiwa karibu wote walilaani. Kulaani ni msimamo usio na bei. Kifungu cha 138 kinawapa vyombo vingine: swali la maandishi, swali la mdomo, kumwita waziri, tume ya uchunguzi. Waziri wa Ulinzi anapaswa kuja na kujibu: majeshi yetu na ya Uganda yako pamoja katika operesheni Shujaa tangu Novemba 2021, na tangu Februari 2025 wanajeshi wa Uganda wako hata ndani ya mji wa Bunia. Wanafanya nini, mpaka lini, nani anawapa amri? Mtu wa Bunia anawaona wakipita kila siku na hakuna aliyemweleza. Ni swali la kawaida kabisa kwa mchaguliwa wa Bunia.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, juu tunaona watu wengi hawajaliona bado.

Tarehe 23 Oktoba 2024, kule Kisangani, Rais Tshisekedi alitangaza kwamba ataunda tume ya kufikiri juu ya Katiba mpya. Ensemble pour la République, kama sehemu kubwa ya upinzani, ilisema hapana. Kila mtu alikimbilia kifungu cha 220, kile kinachokataza kugusa idadi na muda wa mihula ya Rais. Sawa. Lakini kuna jirani yake, kifungu cha 219, ambacho watu wanakiruka wakisoma. Kinasema hakuna marekebisho ya Katiba yanayoweza kufanyika wakati wa vita, wakati wa état d'urgence, wala wakati wa état de siège.

Soma tena polepole. Kwa muda wote Ituri na Nord-Kivu ziko chini ya état de siège, Katiba ya 2006 haiguswi. Maana yake, sisi hapa, na mateso yetu yote, tumekuwa kufuli kwenye mlango wa Katiba, na hakuna mtu aliyetuuliza kama tunataka kuwa kufuli.

Ndipo misimamo miwili ya mbunge wa upinzani inagongana. Anataka état de siège iondoke: kufuli inafunguka, na wale wanaotaka kugeuza Katiba wanapata njia. Anataka Katiba isiguswe: ataona labda, bila kusema kwa sauti, kwamba kuacha Ituri chini ya wanajeshi kunamsaidia. Hatusemi kwamba mtu fulani anafanya hesabu hiyo. Tunasema hesabu iko mezani, na siku moja mtu atamletea: « Tunawapa uhuru wa jimbo lenu, mutupe kura zenu juu ya Katiba. » Na kwa upande mwingine, wale wa Union sacrée wanaoongeza siku 15 kila mara na hapo hapo wanaimba wimbo wa Katiba mpya, wao watueleze namna gani wanasoma kifungu cha 219, ao kama wanafikiri Ituri si sehemu ya nchi inayohesabiwa.

Sisi jibu letu tunalitoa wazi. État de siège iondolewe juu ya Ituri, kwa sababu za Ituri: juu raia wa kawaida anastahili hakimu wa kawaida, juu jimbo linastahili wachaguliwa wake, juu miaka 4 inatosha kupima dawa. Na iondolewe kwa mpango, si kwa siku moja: polisi kwanza, mahakama, wakuu wa territoire watano, Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Mazungumzo ya Kinshasa ya Agosti 2023 yalipendekeza mambo mengi, na Oktoba ya mwaka ule Rais mwenyewe alitangaza kulegeza kidogo kidogo. Kidogo kidogo hiyo imetembea kama moto wa taksi usiokuwa na mafuta. Juu ya Katiba, hilo ni swali lingine, na kila mbunge alijibu kwa kura yake peke yake. Marekebisho yakipata theluthi... hapana, tusikosee: ni tatu kwa tano za Bunge na Seneti wakikaa pamoja, na hapo raia haitwi tena kwenye referandumu. Hapo ndipo kila kura ya Ituri ina bei, na ndiyo maana tunaogopa soko.

Neno moja la pembeni. Hapa kwetu mbunge akifungua mdomo, watu hawasikilizi kwanza anasema nini. Wanahesabu kwanza ni mtoto wa nani. Akilaani CODECO, wanasema anasema juu ya ndugu zake. Akilaani Zaïre, wanasema amenunuliwa. Kifungu cha 101 kinasema mbunge wa taifa anawakilisha taifa. Tunawaomba wasomaji wetu wenyewe, hata wale wanaotuandikia barua za hasira, wapime neno kabla ya kupima kabila. Na waheshimiwa nao wasaidie: anayelaani mauaji ya Jumatatu anyooshe sauti ile ile kwa mauaji ya Alhamisi, hata kama wafu ni wa ngambo ingine ya mto.

Kwa hiyo tumeandika maswali manne, na tunayatuma kwa Mheshimiwa Iracan na kwa wabunge wote wa taifa wa Ituri, wa upinzani na wa serikali, bila kuchagua. Tangu uanze kukaa Bungeni, ulipiga kura namna gani juu ya kuongeza état de siège, na mara ngapi hukuwa ndani ya chumba? Utatia sahihi yako kwenye pendekezo la sheria ya kuimaliza, kufuatana na kifungu cha 144? État de siège ikiondoka kesho, utapiga kura gani juu ya Katiba keshokutwa? Ni swali gani ulilomuuliza waziri wa Ulinzi kwa maandishi, tarehe gani, na alijibu nini?

Bunge linafunguliwa tarehe 15 Septemba. Majibu yatakayotufikia tutayachapisha kamili, bila kukata, kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili kama mwenyewe alivyoandika. Kwa wale wasiojibu, tutachapisha jina, na chini yake tutaacha nafasi nyeupe.