Utabiri wa Wavu Vyuo vya Kusini: Bingwa Wangu Anatoka Rondo, Ila Tumemvuruga Wenyewe

Haya wadau, msimu ndo unanukia. Kila kijiwe, kila grupu, watu wanatabiri soka: nani kasajili nani, nani atashuka daraja. Mi leo naomba mnivumilie, natabiri wavu. Tena wavu wa wanawake, tena wa vyuo vya ualimu huku kwetu kusini, kuelekea UMISAVUTA, ile michezo inayokutanisha wanachuo wa ualimu nchi nzima. Najua wengine mshaanza kucheka. Chekeni, ila someni mpaka mwisho, maana kuna sehemu inakuhusu wewe mwenye simu hapo.

Kwanza tuwekane sawa. Wavu wa wasichana wa vyuo sio kitu kidogo duniani. Kule Marekani, kabla msimu haujaanza, makocha wa ligi za vyuo wanapiga kura kupanga nani atamaliza wa kwanza na nani atashika mkia, na mashabiki wanagombania hiyo orodha kama sisi tunavyogombana na Simba na Yanga. Tarehe 30 Agosti 2023, Chuo Kikuu cha Nebraska kiliutoa mchezo wa wasichana wake ukumbini kikaupeleka kwenye uwanja mkubwa wa wazi. Walikuja watu 92,003. Yani jaza Uwanja wa Mkapa wote, halafu elfu thelathini wengine wabaki wanatafuta pa kukaa. Kuangalia wanafunzi wa kike wakicheza wavu.

Sasa turudi nyumbani. Upande wa Lindi tuna chuo cha Nachingwea. Upande wa Mtwara kuna Mtwara Kawaida, Mtwara Ufundi na Kitangali kule Newala. Nitaongelea timu na wachezaji niliowaona kwa macho yangu kwenye mazoezi na mechi za kirafiki, ila sitataja nani ni wa chuo gani, wala jina la mtu. Hawa ni wanafunzi, sio mastaa waliosaini mikataba. Ukimjua mtu humu, kaa naye moyoni.

TIMU YA WAREFU

Hii ndo mnayoishangilia wote. Ina dada mmoja akiruka mnabaki midomo wazi. Neti ya wanawake iko mita 2.24 kutoka chini, yeye anaipita kiganja chote na kiwiko kinafuata. Smashi yake ikitua, vumbi linaruka. Klipu zake zimejaa mitandaoni na kila mtu anasema kombe ni lao.

Mi nakataa. Kwenye wavu timu ina migusano mitatu tu: wa kwanza kupokea, wa pili kupandisha, wa tatu kupiga. Hawa wa kupokea hawana. Nimewaona wakianzishiwa mipira mirefu ya nyuma, mikono inapishana, kila mmoja anamwangalia mwenzie. Mgusano wa kwanza ukiharibika, yule mrefu anageuka mnara wa simu: anaonekana kutoka mbali ila mtandao hakuna. Nawapa nafasi ya pili.

TIMU YA MAJINA YA ZAMANI

Hawa mnawabeba kwa mazoea. Walikuwa moto kweli, lakini chuo sio klabu. Kozi ikiisha mtu anahitimu, anarudi kwao kusubiri ajira, na hakuna dirisha dogo la kumrudisha. Kikosi mnachokikumbuka nusu yake saa hizi wanashika chaki. Waliobaki wanajituma, ila hawajazoeana. Nafasi ya nne, na msinitukane.

TIMU YA KIMYA KIMYA

Hakuna staa, hakuna klipu, hakuna hata jezi zinazofanana vizuri. Ila wanaanzisha mpira kwa akili. Wanamtafuta mpokeaji dhaifu wa upande wa pili, wanampelekea yeye tu, mara tano mara sita, mpaka anatolewa. Seti ni pointi 25, ukimpa mwenzio sita za bure hivyo huamki. Nawapa ya tatu, na wakiamka vizuri watamtoa mtu machozi.

TIMU YANGU

Sasa hapa ndo penyewe. Bingwa wangu ni timu ambayo kwenye komenti zenu hata haitajwi kwa uchezaji. Ina seta mmoja, mfupi tu, anayetoka Rondo.

Kwa wasiojua, Rondo ni ile nyanda ya juu huku Lindi, halmashauri ya Mtama. Ukitoka Lindi mjini na joto la baharini ukapanda kule, asubuhi unakutana na ukungu na baridi ya kutafuta sweta. Kuna msitu, kuna mashamba ya mitiki, kuna mpaka komba mdogo ambaye wanasayansi wamempa jina la Rondo. Mi ni mtoto wa huko, saa hizi niko Mbagala natafuta riziki, lakini nikisikia mtu katoka Rondo lazima nigeuke.

Sisi wavu tulicheza kwenye udongo mwekundu, nguzo mbili za miti na kamba katikati. Mpira ukigusa kamba, ubishi nusu saa. Huyu binti kapita humo humo, akapanda kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, halafu UMISSETA ya sekondari. Mwaka 2021 michezo hiyo ya kitaifa ilifanyika Mtwara, na sisi watu wa kusini tukaona kwa mara nyingine kwamba vipaji havitoki Dar tu.

Seta ni nani? Ni yule anayegusa mpira wa pili. Karibu kila shambulizi linapita mikononi mwake. Anaamua nani apige, wapi, juu kiasi gani, na anaamua huku mpira uko hewani na bloku ya wapinzani inamwangalia yeye. Huyu wa Rondo nimemwona akigeuza mgongo kabisa, wapinzani wawili wakamfuata mpigaji wa mbele, kumbe mpira kautuma nyuma kwa mwenzie aliyebaki peke yake. Kocha mmoja aliyekaa karibu yangu alicheka akasema, "Huyu anacheza bao, sio wavu." Urefu hauna kazi hapo. Kazi ni kichwa.

Ningemaliza hapa, niseme bingwa ni hawa, tuonane kwenye mashindano. Ila kuna tatizo. Huyu binti amesema hachezi tena.

KILICHOTOKEA

Mnaikumbuka ile klipu? Mtu kamrekodi kwa nyuma akijiandaa kupokea, kainama, kaptula fupi ya timu, akaipunguza mwendo, akaweka na muziki wa singeli. Mpira hauonekani hata sekunde moja. Komenti mnazijua, mlikuwepo. "Huyu mwalimu nirudishwe darasa la kwanza." "Hapa hata nikipigwa fimbo sawa." Na mengine siwezi kuandika.

Sasa nikiri. Na mimi niliiweka kwenye stetasi. Niliandika "Rondo tunawakilisha" na vikatuni vya kucheka. Sikufikiria chochote, niliona mtoto wa nyumbani anatrendi. Usiku ikaingia meseji: "Shikamoo dada. Nimeona na wewe umeiweka." Basi. Hakutukana, hakulalamika. Nilikaa na ile simu mkononi sijui nijibu nini.

Klipu ilifika kwenye grupu la familia. Kutoka hapo ikafika kwa mjomba. Na kwa sisi Wamwera mjomba sio mtu wa kusalimiwa sikukuu tu. Ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba juu ya mtoto wa dada yake ni zito, pengine kuliko la baba. Mjomba kasema: umeenda kusomea ualimu, soma ualimu, hayo mambo ya uchi uwanjani mwisho leo. Binti kakabidhi jezi.

Wengine mtasema mjomba mshamba. Mi sisemi hivyo. Yule mzee hajawahi kuona mtoto wake akicheza hata mechi moja. Kitu pekee alichoonyeshwa kuhusu wavu ni ile klipu yetu ya sekunde kumi na tano. Kwa alichokiona, ungekuwa wewe ungesema nini?

"SI AVAE VIZURI BASI?"

Hili jibu nalisubiri, maana najua linakuja. Sawa, tuongee mavazi. Rio 2016, kwenye wavu wa ufukweni, Doaa Elghobashy wa Misri alicheza Olimpiki na hijabu kichwani, yeye na mwenzie Nada Meawad wakiwa na mikono mirefu na suruali. Kwa hiyo kaptula fupi sio sheria ya Mungu. Chuo kinachotaka kuwapa wasichana suruali za kubana na fulana za mikono mirefu, wote rangi moja, kinaweza. Huku pwani ambako nusu ya wachezaji wanatoka kwenye familia zinazojali stara, hilo lingeshafanyika zamani. Na anayetaka kaptula acheze na kaptula yake kwa amani.

Lakini tusijidanganye kwamba shida ni nguo. Elghobashy alijifunika mwili mzima, na bado dunia iliongelea mavazi yake kuliko mipira aliyookoa. Anayeamua kitu gani kionekane ni mwenye simu. Ukiinua kamera kidogo tu, unapata mpira, unapata neti, unapata ile pasi ya mgongo. Ukiishusha, unapata kile tulichokipata.

Na wale wa "ni umaarufu huo, avumilie", umaarufu wa nani? Huyu kesho kutwa atasimama mbele ya darasa la watoto sitini. Wewe unayesema avumilie, ungependa wanafunzi wako waje na hiyo klipu kwenye simu za kaka zao?

TUNACHOPOTEZA

Angalieni majirani. Kenya, Malkia Strikers wameenda Olimpiki mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo, na Paris 2024. Mwaka 2023 walichukua tena ubingwa wa Afrika. Sio uchawi. Msichana anaonekana shuleni, anachukuliwa na timu ya taasisi, Kenya Prisons, Kenya Pipeline au KCB, na wavu unageuka kazi yenye mshahara. Mzazi akiona mshahara anakuwa shabiki wa kwanza.

Sisi Tanzania timu yetu ya wanawake ya wavu haijawahi kufika Olimpiki. Sababu ziko nyingi: viwanja, hela, makocha. Hizo mtu wa kawaida hana uwezo nazo. Lakini hii ya kumfukuza seta uwanjani kwa komenti ni ya kwetu wenyewe, na haihitaji bajeti kuiacha.

Kwa hiyo utabiri wangu una masharti. Huyu binti akirudi, timu yake inachukua ubingwa wa kusini, fainali seti tatu kwa moja dhidi ya Warefu. Asiporudi, Warefu wanachukua na timu yangu inashuka ya tatu, maana seta wa akiba bado anapandisha mpira kwa wasiwasi.

Mi nimefuta ile stetasi, nimewaomba wote niliowatumia wafute, na nimempigia binti simu kumwomba radhi kwa sauti yangu. Alisema, "Haina shida dada," kwa ile namna ambayo unajua shida ipo. Mwalimu wao mmoja wa kike anapanga kwenda Rondo kuongea na mjomba. Asiende kubishana naye. Amwalike aje akae kwenye benchi aangalie mechi moja nzima. Mi nimesema nauli ya mjomba kwenda na kurudi ni juu yangu. Ndo faini yangu hiyo.

Nyie je? Ukiwa nayo kwenye simu, ifute. Halafu dondosha utabiri wako hapo chini, nani wa kwanza, nani wa mwisho, na povu ruksa. Ila ukiongelea mchezaji, ongelea mikono yake na mpira.