Namba iliyo chini ya pedeli

Pindua baiskeli yako magurudumu juu, futa tope na grisi pale mikono ya pedeli inapoingia kwenye fremu, na mara nyingi utakuta tarakimu zimegongwa kwenye chuma. Wenye baiskeli wengi hawajawahi kuzisoma. Baiskeli ikiibwa, mtu hufika polisi na maelezo yanayofanana na nusu ya baiskeli za mji: nyeusi, aina ya Phoenix, ina keria. Hata ikikamatwa, atathibitishaje kuwa ni yake? Japani ilifanya uandikishaji wa baiskeli kuwa lazima kisheria mwaka 1994: mnunuzi huandikisha palepale dukani kwa ada ndogo, hubandikiwa stika yenye namba, na polisi wa doria akiitilia shaka anaweza kumtambua mwenye baiskeli. Ufaransa nayo, tangu Januari 2021, inawataka wauzaji waandikishe baiskeli mpya, isipokuwa zile za watoto wadogo. Sisi tunaweza kuanza na daftari tu, katika ofisi ya serikali ya mtaa: namba, jina, simu, aina ya baiskeli. Mafundi nao waisome namba kabla ya kununua fremu kuukuu kwa mtu wasiyemjua, maana huko ndiko baiskeli nyingi za wizi huyeyukia. Lakini nasisitiza: uandikishaji uwe bure. Anayechuuza maziwa au mkaa kwa baiskeli ndiye anayeumia zaidi ikiibwa, kwa sababu kazi yake inasimama siku hiyohiyo; akidaiwa ada atalikwepa daftari, na aliyekusudiwa kulindwa atakuwa wa kwanza kukosekana humo.