Fulana ya Kijani na Haki ya Njia

Sisi wa Shela si watu wa baiskeli. Vichochoro vyetu ni mchanga, punda ndiye gari letu, na aendaye Lamu mjini hupanda mashua au hufuata ufuo kwa miguu. Hata hivyo, barazani baada ya sala ya alasiri, nimesikia mara nyingi vijana wakibishana juu ya Tour de France, mbio za baiskeli za Ufaransa, na hasa juu ya fulana ya kijani aliyoitwaa Biniam Girmay wa Eritrea mwaka 2024. Wako wasemao kwamba alibahatika tu. Mimi sikubaliani nao.

Ndugu msomaji asiyezifuata mbio hizo ajue kwamba fulana ya manjano ni ya yule ambaye jumla ya muda wake wa siku zote ni mdogo kuliko wa wenzake. Fulana ya kijani, iliyoanza mwaka 1953, haiangalii muda hata kidogo; hiyo ni hesabu ya alama. Mwaka huo wa 2024, siku ya njia tambarare, wa kwanza alipata alama 50, wa pili 30, wa tatu 20, na kushuka hivyo hadi wa 15 aliyepata 2. Siku ya milima mikubwa mshindi aliambulia 20 tu. Tena katikati ya safari huwekwa mstari mwingine wa kugombewa, na wa kwanza kuuvuka huokota 20 kabla hata ya kufika mwisho. Kwa hivyo mtu aweza kushinda siku kadhaa na fulana akaikosa, ikiwa siku zilizobaki alizembea.

Girmay alishinda siku tatu. Ya kwanza ilikuwa Turin, tarehe 1 Julai, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku katika mbio hizo. Lakini mpinzani wake mkubwa, Jasper Philipsen wa Ubelgiji, naye alishinda tatu! Mwisho wa hesabu Girmay alikuwa na 387, Philipsen 354. Tofauti ni 33.

Hizo 33 zilitoka wapi? Turudi Dijon, tarehe 4 Julai. Dylan Groenewegen wa Uholanzi alishinda kwa upana wa tairi, Philipsen akafuatia, Girmay akawa wa tatu. Waamuzi walipotazama picha waliona Philipsen ameacha mstari wake na kumbana Wout van Aert kwenye uzio. Wakamrudisha nyuma, na Girmay akapanda kuwa wa pili. Basi piga hesabu: Philipsen alipoteza 30, Girmay akaongezewa 10. Hizo ni 40, nazo zinapita 33.

Hapo ndipo wenye kusema bahati hushikilia. Nami nawauliza: kwenye mashindano ya jahazi, nahodha akimbana mwenzake mwambani ili awahi boya, nani hapa Shela atamsifu? Na aliyenyosha tanga lake akapita njia yake, je, huyo ni wa bahati? Girmay hakupewa sadaka. Alikuwa wa tatu kwa miguu yake mwenyewe, na alikuwa karibu na mbele takriban kila siku iliyomfaa.

Kisha yako mambo ya Nîmes, tarehe 16 Julai. Girmay alianguka karibu na mwisho, Philipsen akashinda, na pengo likapungua sana. Siku tano zilibaki, nyingi za milima, na milima ni adui wa watu wa mbio fupi kama hao. Asiyefika kwa muda uliowekwa huondolewa mashindanoni, na alama zake zote zinakwenda na maji. Girmay alipanda na majeraha yake.

Wataliano waliitawala Eritrea tangu 1890 hadi 1941, wakaja na baiskeli, na wenyeji wakazifanya zao. Asmara leo ni mji wa baiskeli kama Lamu ilivyo ya punda. Sisi Wakenya tulikuwa na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ila alipoivaa manjano hadi mwisho mwaka 2013 bendera yake ilikuwa ya Uingereza.

Mwaka 2025 kijani ilikwenda kwa Jonathan Milan wa Italia, na Girmay hakushinda hata siku moja. Barazani wapo waliosema, "Hatukuwaambia?" Mimi nikawauliza kama wamesahau Nîmes.