Isukuti Si Pambo la Video Yako

Wacha niseme hii kitu mapema, kabla Desemba ifike na barabara ya Eldoret ijae magari ya wasee wa Nairobi wanaokuja ocha na matenti. Hatujui kuwa watazamaji. Tunajua kununua tiketi, tunajua kuvaa, tunajua kusimama mbele ya ngoma tukapigwa picha. Kusikiliza ndiyo imetushinda.

Mwaka 2014 UNESCO iliweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Hiyo si orodha ya pongezi, ni wodi ya mahututi. Na kati ya sababu zilizoandikwa ni kwamba wengi wanaoibeba wamezeeka bila warithi, pesa za kutengeneza ala na mavazi hazipo, na watazamaji wanapendelea burudani za kisasa. Watazamaji. Yaani mimi na wewe tumetajwa kwenye ripoti ya mgonjwa.

Najua jibu lenu, nimeliskia mara mia: "Muziki wa kiasili si kanisa, bana. Ni wa kushiriki. Babu zetu hawakukaa kimya." Kweli kabisa, hawakukaa kimya. Lakini kushiriki kuna mpangilio. Isukuti ina ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swara na njuga za chuma. Kuna soloisti anayeongoza, kuna wanaomjibu, kuna safu ya wanaume na safu ya wanawake. Ukitaka kuingia, unaingia kwenye safu, unashika kiitikio, unafuata mguu wa aliye mbele yako. Mwenye kuruka katikati na chupa mkononi akipiga yowe lake binafsi hajashiriki kitu. Amekatiza watu kazi.

Na isukuti angalau inaweza kujitetea, ina sauti kubwa. Litungu je? Desemba iliyopita, kwenye uwanja mmoja hapa Lumakanda, nilisimama karibu mita tatu kutoka kwa mzee anayepiga litungu. Kitu nilichoskia vizuri ni jamaa nyuma yangu akimwelekeza boda kwa simu, na spika ya bluetooth kutoka upande wa matenti ikipiga amapiano. Manze, amapiano! Umeendesha gari saa saba kutoka Nairobi kuja kuskia kitu unachoskia kila Ijumaa Kilimani. Mzee alipiga nyimbo mbili, akafunga litungu lake kwa shuka, akaondoka. Hakuna aliyeuliza ameenda wapi.

Sasa kuhusu simu. Mimi nakula kwa sababu ya simu, kwa hivyo mtu asiniambie nachukia teknolojia. Rekodi. Lakini rekodi dakika moja, teremsha mkono, wacha kukhu aliye nyuma yako aone. Muulize mpiga ngoma jina lake na uliandike chini ya video. Muulize kama hiyo sehemu anakubali ichukuliwe. Kenya ina sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inachukulia jamii kuwa mwenye mali. Mali ya watu unaiombea ruhusa. Wewe ukiibiwa kipande cha sekunde kumi na akaunti nyingine unalia wiki nzima.

Na kuna nyimbo ambazo si za jukwaa hata kidogo. Sioyaye ina mahali pake: alfajiri, kijana wa Kibukusu akirudishwa kutoka mtoni kwenda kutahiriwa, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili. Halafu unapata kikundi cha watu wanaiimba kwenye tenti saa nane usiku wakicheka, nusu yao hawajui ni wimbo wa nini. Huku Lugari Wabukusu, Watachoni, Wakabras na Wamaragoli tumechanganyika tangu mashamba ya walowezi yagawanywe. Jirani wa hilo tenti anaskia kila neno, na kwake hiyo si sherehe.

Pesa pia tuongee. Pwani, mtu akiguswa na mwimbaji wa taarabu anainuka, anaenda na noti mkononi, anamtunza mbele ya watu, na hapo hakuna anayemwona mshamba. Hata wapiga isukuti hutuzwa. Sisi tunatoa mia tano ya bia bila kufikiria, lakini mzee aliyepiga ngoma saa mbili juani anaondoka na makofi. M-Pesa iko mfukoni mwako. Mia moja tu.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kambi. Watu wa mjini mnadhani uwanja ni uwanja, kwamba ukishalipa tiketi ni kama umekodisha chumba. Huku hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Pale ulipopiga tenti Jumamosi, Jumatatu ng'ombe wa mtu analisha. Ukiacha karatasi ya nailoni kwenye nyasi, ng'ombe anaimeza, na tumboni haisagiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini haikupiga marufuku uvivu, kwa hivyo siku hizi mnaacha chupa na vifuniko, pakiti za krips, na vile vitambaa vya kujipangusa ambavyo haviozi.

Halafu moto. Sikiza, hii si mambo ya adabu tena. Desemba Lugari mahindi yamevunwa, mabua yamesimama makavu shambani au yamerundikwa kungoja ng'ombe, na upepo wa mchana hauna mchezo. Msee anawasha moto wa kambi hatua kumi kutoka hapo kwa sababu ameona kwenye filamu watu wakichoma marshmallow. Rundo moja likishika, jirani amepoteza chakula cha ng'ombe cha miezi. Kama ni lazima mkae kando ya moto, ulizeni mwenye shamba awaonyeshe mahali, wekeni ndoo ya maji kando, na msilale kabla majivu yapoe. Pia turubai lenye mahindi yanayokauka uani kwa watu si zulia la kupitia kwenda chooni.

Choo chenyewe sitakiongelea sana. Kama kipo, kitumie. Kichaka cha nyuma ya boma la mtu si choo, na watoto wa hilo boma ndio wanaochezea hapo asubuhi.

Usiku, muziki wa jukwaani ukizimwa, umezimwa. Kuna mama ataamka saa kumi na moja kukamua. Zanzibar wameishi na jambo hili kwa miaka: Sauti za Busara imefanyika Mji Mkongwe tangu 2004, katikati ya nyumba za watu wanaoswali na kulala, na wageni huombwa wavae kwa heshima wakitoka nje ya ukumbi. Wanaokwenda wanaelewa kwamba mji si sehemu ya tiketi. Hakuna anayekufa kwa kufunika mabega.

Mtaniuliza kwa nini najichosha hivi kwa ajili ya chupa na kelele. Kwa sababu najua vile vitu hufungwa. Huku Magharibi machifu wamepambana na disko matanga kwa miaka, wakisema zinaharibu watoto, na mzee wa kijiji hana muda wa kutofautisha disko matanga na tamasha la litungu kama zote mbili zinamwachia kelele, kondomu na moshi. Mnakumbuka Nyege Nyege Septemba 2022? Bungeni Uganda walitaka kuizima kabisa kwa hoja ya maadili, hadi serikali ikairuhusu kwa masharti. Ile ina jina dunia nzima na wageni wanaoleta dola. Tamasha la uwanja wa Lumakanda halina mtu wa kulitetea. Chifu akisema hapana mara moja, basi, na wale wazee watatu wanne waliobaki na litungu watarudi kupigia mbuzi.

Waandaaji nao wasidhani nimewasahau. Unauza tiketi mia nyingi, unaweka vyoo viwili, mapipa hakuna, na MC wako anaongea juu ya ala kwa sababu anaogopa dakika mbili za utulivu. Huyo MC angeweza kusema tu: "Huyu mzee anapiga polepole, sogeeni karibu, zimeni spika." Sentensi moja. Na mngempanga mzee saa kumi jioni, watu wakiwa na akili zao, si saa tano usiku baada ya DJ.

Hayo ya waandaaji nitayarudia wiki ijayo. Nina picha za vile vyoo.