Marekani: kijana mweusi mwenye kazi achague mtaa ambao miguu yake inafika

Katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, inchini Marekani, Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kinasikika leo kanisani, dukani na ndani ya basi. Familia nyingi za Wakongomani zilipokelewa huko baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda. Watoto waliofika wakiwa wadogo wamemaliza masomo. Wako wauguzi, wako wahasibu, wako wafanyakazi wa benki. Mshahara wa kwanza unapoingia, swali linakuja haraka: kupanga nyumba mtaa gani?

Swali hilo linaonekana dogo, lakini kwa kijana mweusi wa Marekani, awe mzaliwa wa huko ao mtoto wa mkimbizi, ni swali la feza, la usalama na la heshima.

Sehemu kubwa ya miji ya Marekani ilijengwa kwa ajili ya gari. Mwaka wa 1926, Mahakama Kuu ya inchi hiyo ilikubali kwamba mji unaweza kutenga sehemu ya nyumba za kuishi mbali na sehemu ya maduka na viwanda. Kuanzia hapo, miji mingi ilikataza hata duka dogo la mkate kufunguliwa kati ya nyumba. Matokeo yanajulikana: mtu anayetaka maziwa lazima awashe gari. Mitaa ambayo mtu anaweza kwenda sokoni, kazini na kwa daktari kwa miguu imebaki michache, na kwa sababu ni michache, kodi yake ni kali.

Gari nalo si bure. Shirika la wenye magari la AAA lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba kuwa na gari jipya kunagharimu zaidi ya dola 12 000 kwa mwaka, ukihesabu bei inayoshuka, bima, mafuta, riba na matengenezo. Ni zaidi ya dola 1 000 kila mwezi. Kijana anayekimbia mtaa wa kati kwa sababu kodi imezidi kwa dola 300, kisha akanunua gari ili afike kazini, amekimbia mvua na kuingia mtoni.

Lakini kwa mtu mweusi hesabu haiishii hapo. Mwaka wa 1914, Louisville ilitunga sheria iliyomkataza mweusi kuhamia sehemu ambayo wakaaji wengi ni weupe. Mahakama Kuu ilifuta sheria hiyo mwaka wa 1917, lakini ubaguzi ulitafuta mlango mwingine. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji zaidi ya 200, Louisville ikiwa ndani. Mitaa ya weusi ilipakwa rangi nyekundu, maana yake mkopo huko ni hatari. Ni mwaka wa 1968 tu, siku saba baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ndipo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria inayokataza ubaguzi katika kuuza na kupangisha nyumba.

Hata hivyo, ndani ya kuta hizo weusi walijenga mitaa yao. Walnut Street ya Louisville ilikuwa na maduka, sinema na ofisi za watu weusi, na mtu alifanya shughuli zake zote kwa miguu. Kisha ukaja mpango wa kile kilichoitwa kuufanya mji upya, na nyumba hizo zikabomolewa. Mwaka wa 1978 barabara hiyo ilipewa jina la Muhammad Ali, mtoto wa mji huo, yule aliyempiga George Foreman Kinshasa mwaka wa 1974. Jina la shujaa limewekwa, lakini maduka yale hayakurudi.

Leo kijana anakuta mji uliokatwa vipande viwili. Upande wa magharibi wa Barabara ya Tisa wanaishi weusi wengi. Maduka ya chakula kibichi ni haba na basi halitoshi. Upande wa mashariki, kama kando ya Bardstown Road, kuna maduka, mikahawa na njia nzuri za waenda kwa miguu, lakini wenye sura kama yake ni wachache. Achague miguu, ao achague watu wake?

Na kutembea kwenyewe kuna hatari yake. Trayvon Martin, mwenye miaka 17, aliuawa Florida mwaka wa 2012 akitoka dukani kwa miguu. Mwezi wa tatu 2023, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu polisi wa Louisville ikisema kwamba walikuwa wakibagua watu weusi katika kazi yao. Kwa hiyo mtaa mzuri kwa mwenzake mweupe unaweza kuwa mtaa wa maswali kwake: unatoka wapi, unatafuta nani hapa? Majimbo machache yameanza kurekebisha. California, tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2023, imekataza polisi kumtoza faini anayevuka barabara fasi isiyo na alama, ila kama kuna hatari ya kweli ya kugongwa.

Wapo wanaosema kwamba gari ndiyo kinga. Wana sababu. Wazee weusi wa Marekani wanakumbuka basi ambamo walilazimishwa kukaa nyuma. Gari lao lilikuwa mlango wao wenyewe. Lakini wazee haohao wa Montgomery walikataa basi kwa siku 381, kuanzia mwezi wa kumi na mbili 1955. Wengine walibebana kwa magari, na maelfu walitembea, hadi ubaguzi ndani ya basi ukaondolewa. Walitaka kwenda popote bila kudharauliwa. Gari lilisaidia, na miguu ilisaidia. Anayelazimishwa kutumia kimoja tu hajawa huru bado.

Jibu lenye akili ni kutafuta mtaa wa kutembea ulio karibu na watu wako, na kuingia humo kama jirani. Mji wa Washington unatoa onyo. Mwaka wa 1970, wakaaji saba kati ya kumi walikuwa weusi. Kufikia mwaka wa 2011 walikuwa wameshuka chini ya nusu. Mitaa kama U Street, iliyokuwa moyo wa maisha ya weusi, ilipendeza tena, kodi ikapanda, na wazee wengi wakaondoka. Kijana mweusi mwenye mshahara mzuri naye anaweza kumsukuma nje mama mzee bila kukusudia, ikiwa anakuja kulala tu. Anunue duka la jirani, ahudhurie mikutano ya mtaa, apige kura ya mji, na asimame na wapangaji wa zamani kodi inapopandishwa ovyo.

Kabla ya kutia sahihi, asiamini picha za mwenye nyumba. Atembee mtaa huo asubuhi, na usiku, na siku ya mvua. Ahesabu dakika hadi duka lenye mboga, na dakika anazongoja basi siku ya Jumapili. Aangalie kama njia ya miguu inakatika katikati, na kama kuna taa. Aulize wakaaji weusi jinsi polisi wanavyowatendea. Kisha ajiulize: mama yangu akija kunitembelea, naye hajui kuendesha, atatoka nje peke yake?

Familia zilizobaki Uvira, Bukavu ao Goma nazo zina sehemu yao. Wengi wanampima mtoto wa Marekani kwa gari alilopiga nalo picha. Anayepanda basi anaonekana ameshindwa. Mawazo hayo yanawasukuma vijana kwenye madeni ya miaka mitano ao sita, na feza ambayo ingelipa masomo ya mdogo wao inaliwa na bima na mafuta.

Mashariki mwa Kongo, mtu anatembea kila siku, na kiosk cha sukari, sabuni na mkaa kiko mlangoni. Watu wanaona huo ni umasikini. Marekani inalipa kodi kali kutafuta kitu hichohicho ilichokibomoa. Aliyezaliwa katika mtaa wa namna hiyo asione haya kuutafuta tena ng'ambo, na wanaochora mipango ya miji ya Kongo wasiwe na haraka ya kuufuta.