Sarufi ya Kiingereza Ianzie Shambani

Mtoto wa Sepuka, wilayani Ikungi, aghalabu huingia kidato cha kwanza akiwa na lugha mbili kamili kinywani, Kinyaturu cha nyumbani na Kiswahili ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Na kwa kuwa zote mbili ni za Kibantu, amezoea viambishi vimfunulie hali ya neno, hata asiyewahi kusikia habari ya vivumishi hakosei kusema udongo mkavu na mashamba makavu. Mtoto huyo ndiye tunayemkaririsha kwamba jina ni la mtu, mahali au kitu, na kitenzi ni neno la kutenda, kisha tukastaajabu akikwama kwenye sentensi nyepesi kabisa.

Itazameni hii, ambayo kila mkulima wa alizeti anaijua maana yake: "We dry the seeds in the dry season." Neno "dry" ni lile lile, herufi kwa herufi, wala halina kiambishi cha kulitambulisha; la kwanza ni kitenzi, kwa kuwa lamfuata mtendaji na lingeweza kutanguliwa na "will", na la pili ni kivumishi, kwa kuwa limekaa baina ya "the" na jina. Kadhalika katika "They water the onions", aliyefundishwa kwamba maji ni kitu atashikilia kuwa "water" ni jina, na kwa fasili tuliyompa hana kosa.

Rai yangu ni kwamba mwalimu aanze na sentensi, aeleze kwa Kiswahili pasipo haya, na amzoeze mwanafunzi kuuliza neno limekaa wapi, limetanguliwa na nini, na lafanya kazi gani. Orodha ya aina nane za maneno isitutie hofu: Sibawayhi, mwanazuoni wa Basra katika karne ya 8, aliyagawa maneno ya Kiarabu mafungu matatu tu, ismu, fiili na harufu, na ilmu yake yasomwa hata leo.

"We store onions in the store", "They plough with an old plough": sentensi za namna hii zimejaa Sepuka, na zaweza kuandikwa ubaoni kesho asubuhi, darasa zima likahojiana, bila kungoja kitabu kipya kutoka Dodoma.